Chupa ya Soda

Mwaka sabini na tatu, Mtwara,
mimi nilikuwa na mkasi wa umoja wa vijana
na chupa tupu ya soda.
Sheria yetu ilikuwa nyepesi:
idondoshe kutoka kiunoni, ndani ya mguu wa suruali.
Ikitokea chini, nenda zako kijana.
Ikikwama, tunakata.

Longino Nanguka alikuja na suruali
ambayo ingepitisha kreti zima.

Bugaluu ya pazia, maua ya zambarau,
ikifagia vumbi la Chikongola kama bibi harusi.
Chini yake raizoni, lakini si za dukani:
mjomba wake, mchonga mpingo wa njia ya Mikindani,
alimchongea soli za mninga, kimo cha shubiri,
na pembeni watu wadogo wakipandana mabegani,
ukoo mzima ukimbeba mtoto mmoja kwenda dansini.
Machoni wanja wa dada yake.
Mashavuni fedha: karatasi za ndani za pakiti za sigara
alizookota bandarini miezi mitatu,
akazikatakata kwa wembe,
akazigandisha kwa mafuta ya nazi.

Nani kamfundisha? tuliulizana.
Jalada la santuri, walisema, la baharia wa meli ya korosho:
mwanamume aliyepakwa rangi kama kinyago cha mapiko,
mdomo mwekundu, kifua wazi, gitaa kiunoni.
Jalada tu. Santuri yenyewe ilishavunjika.
Longino hakuwahi kuusikia muziki ule.
Aliutazama mpaka akausikia.

Ukumbini Ligula betri ya trekta ilisukuma spika moja.
Akagonga uzi mmoja, mmoja tu,
ukalia kama bati la ghala likichunwa na upepo,
na wasichana wa kubangua korosho,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda,
wakapiga kelele ambayo sijaisikia tena,
si harusini, si msibani.
Aliimba nini? Hakuna aliyeshika maneno.
Kulikuwa na "sitaki". Kulikuwa na "mimi".
Mengine yalikuwa meno na mate.

Na Ijumaa ile ile, uwanjani,
tulikuwa tumeipigia makofi sindimba mbele ya wageni.
Viuno vile tuliviita utamaduni.
Kiuno chake tukakiita ugonjwa.

Nikapanda jukwaani na chupa. Kazi ni kazi.
Niliidondosha,
ikashuka bila kugusa kitu,
ikatua, ikaviringika
mpaka miguuni pa katibu wetu.
Watu wakacheka.
Ndipo nikakata, na sikukata kwa sheria;
kwa sheria alikuwa amefaulu.

Hakukimbia. Alisimama, maua ya zambarau yakining'inia vipande,
magoti yakitetemeka juu ya ukoo wake wa mninga,
na mimi, mwenye mkasi,
bado nilimtazama kwa kuinua kidevu.

Asubuhi bibi yake alifika ofisini, ndonya mdomoni,
chale zimepangwa mashavuni msitari kwa msitari.
Hakuna aliyethubutu kumpima yeye.
"Pazia lilikuwa langu," akasema. "Nani analipa?"
Tukatafuta fomu.
Haikuwepo fomu.

Wapo wanaosema Longino alikuja kuwa fundi redio Nachingwea.
Wapo wanaosema alivuka Ruvuma na gitaa mgongoni.
Mimi sijui, na waliojua wamekufa.

Ninachojua ni hiki: nilipomshika shavu asigeuke,
fedha ilinishika nami.
Usiku nilijisugua kwa sabuni ya kipande, kwa mchanga, kwa jivu.
Kesho yake, gwarideni, mkono ukipanda kusalimu bendera,
chini ya ukucha wa kidole gumba
kitu kikamweka.
Jirani yangu alikiona, akatazama mbele.

Ukucha ule sikuukata
mpaka korosho zilipoanza kuanguka.