Herufi Ndani ya Duara

Jumanne, saa nne na robo,
Nélida Quirós aliingiza Montesa yake kwenye mstari wa tatu,
matope ya Onís mpaka magotini,
harufu ya ng'ombe kwenye koti na kwenye mkoba:
kazi yake kupima maziwa, zizi kwa zizi,
huko juu ambako ukungu hulala hadi adhuhuri.

Breki nzima. Matairi yana meno. Honi ilinishtua.
Kisha nikaziona: taa mbili, kila moja kama yai la kware,
zimefungwa kwenye uma wa mbele.
"Za nini hizi?"
"Za mchana," akasema.
"Usiku wananiona. Mchana ndio napotea."

Nikapiga goti, nikavaa miwani.
Kwa taa za namna hii sheria haitafuti mwanga,
inatafuta herufi: E moja, ndogo kuliko punje ya mtama,
imechongwa kwenye kioo, ndani ya duara, na tarakimu ubavuni,
maana yake yuko mtu, mahali fulani, mwenye koti jeupe,
aliyeipima taa hii katika chumba cheusi akairidhia.
Nikapitisha kidole. Nikamulika kwa tochi,
taa kuimulika taa, kama mwendawazimu.
Kioo kilikuwa laini kama shavu la mtoto.

"Hazina alama."
"Zina mwanga."
"Fomu haina mahali pa kuandika mwanga."

Hakugombana. Aliomba bisibisi.

Ningemwambia nini?
Kwamba miaka kumi na mmoja nyuma, njia panda ya Soto,
saa saba, jua la utosini, lami kavu kama mkate wa juzi,
nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikaingia barabarani,
na kijana mmoja, Telmo, akaja juu ya boneti yangu
pamoja na pikipiki yake nyekundu.
Nyekundu!
Nikamwambia polisi, "Sikumwona."
Ilikuwa kweli. Ikaandikwa. Nikalipa faini,
na Jumatatu nikarudi kazini kukagua taa za watu.
Waliosema macho hayana pazia hawakuyajua yangu.
Telmo siku hizi anauza mikate Arriondas, kwa mkono mmoja.
Hunihesabia chenji polepole, akinitazama usoni.

Nje manyunyu yalikuwa yanaanza.
Skrubu nne, waya mweusi, waya mwekundu.
Akazifunga taa kwenye kitambaa, akazilaza mkobani
kati ya chupa za maziwa ya majaribio.
Nikagonga muhuri. Nikampa stika ya mwaka.
"Asante," akasema,
kwa sauti ya mtu anayelipa deni lisilo lake.

Dirisha la ofisi linatazama mto Sella na daraja la reli.
Chini ya daraja nikaiona Montesa imeegeshwa,
naye amechuchumaa mbele yake, bisibisi mdomoni.
Dakika kumi. Labda kumi na mbili.
Evaristo wa mstari wa kwanza akaja na kahawa,
akasimama begani mwangu.
"Yule si wa sasa hivi? Umeona anachofanya?"

Nikakoroga kahawa isiyo na sukari.
"Sikuona."

Neno lile lile. Sijui kama limetakata
au nimelichafua mara ya pili.
Evaristo alinitazama kidogo, akaenda zake, kuna lori lilikuwa linamngoja.
Ninachojua ni kwamba ng'ambo ya mto barabara hupanda,
na kwenye kona ya pili hugeuka kututazama,
na pale ukungu ulikwisha kuumeza mlima,
ukamla yeye, ukaila pikipiki, helmeti, mkoba,
ukabakisha taa mbili haramu
zikija upande wangu, ndogo, hazitikisiki,
nami nimesimama na kikombe kinapoa,
nikiziona.