Wino Mwekundu

Daftari la mahudhurio la Darasa la Saba
hujazwa kwa kalamu mbili:
buluu kwa aliyepo,
nyekundu kwa asiyekuwepo.
Miaka kumi na mitatu nalijaza hivyo,
hapa katikati ya michungwa ya Muheza,
na sijawahi kuuogopa wekundu.

Mwantumu Singano: buluu, buluu, buluu,
kisha nyekundu nne zimeshikana mikono.
Mwezi uliofuata, nne tena.
Pembeni nikaandika: mtoro.
Mimi, mwalimu wa hisabati,
nisiyeona jedwali likijirudia mbele ya macho yangu.

Aliyenifumbua ni Mama Chambo, mpishi wetu wa uji.
Hata mwiko hakuuacha.
"Huyo kavunja ungo tangu Rajabu, mwalimu. Hukujua?"
Nikarudi ofisini na neno hilo mdomoni.
Kavunja.
Kama kwamba ni chombo cha watu,
na sasa lazima mtu akilipe.

Siri ya mtungi, wanasema, aijuaye kata.
Nikaenda kukitazama choo cha wasichana:
mtungi hakuna, kata hakuna,
mlango ni gunia la katani
linalofunuka kila upepo ukipita,
jirani mbea.

Hapo ndipo nikaikumbuka sweta,
imefungwa kiunoni, jua la Februari utosini.
"Sweta ni ya kuvaa," nilimwambia, darasa zima likisikia.
"Ndiyo, mwalimu."
Akatoka kinyumenyume mpaka nje.

Alhamisi niliandika ubaoni:
Pakiti moja ya taulo za kike ni shilingi elfu mbili.
Chungwa moja barabarani ni shilingi hamsini.
Msichana auze machungwa mangapi?
Wavulana walicheka,
kisha kicheko kikakosa pa kukaa.
Hoza, wa dawati la nyuma, akanyoosha kidole: "Arobaini."
"Sahihi. Na msimu ukiisha?"
Chaki ilinikatikia mkononi.
"Anabaki nyumbani,"
alisema Mwantumu, bila kunyoosha kidole.

Sasa choo kina mlango.
Bawaba zimetoka kwenye kabati la ofisi,
kabati limebaki wazi, na hakuna aliyeuliza.
Mama Chambo na wenzake wanashona vitambaa vya flana
Jumatano, sufuria zikishaoshwa.
Kwenye droo ya chaki kuna bahasha ya kaki,
haina orodha wala sahihi:
achukue anayechukua.

Wazazi wawili wamenijia juu.
Mwanamume gani wewe, mambo ya somo na mwari
unayaanika ubaoni?
Jibu zuri sina.
Nina daftari tu, nikawafungulia,
mmoja akalisoma mpaka mwisho, mwingine akaangalia dirishani.

Leo ni tarehe kumi na nane.
"Mwantumu Singano."
"Nipo."
Majina matatu mbele:
"Nyamvua Mhina."
Kimya.
"Nyamvua?"
Kalamu nyekundu nimeishika hewani,
sijaandika kitu.