Mlio wa Stendi

Baba hakuwahi kubisha hodi.
Baiskeli yake ndiyo iliyomtangulia kusema,
barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
ile stendi ya chuma juu ya saruji ya baraza:
ikigonga mara moja, taratibu, kang',
bandarini wamelipwa, kuna nyama kwenye mfuko wa khaki.
Ikikwaruza kwanza, kisha ikapigwa teke,
tulikwisha jua sahani zipi zifichwe.

Nilikuwa na miaka saba. Kitabu nilikuwa bado,
ila chuma nilikisoma.

Mama alituhesabu kwa macho.
Dada Mwanamkuu alisimama katikati ya chumba,
kidevu juu, kama anayengoja kuchanjwa.
Kaka Mhina aliiga bata wa jirani
mpaka Baba asahau alichokasirikia, au asisahau.
Mimi niliingia uvunguni,
kati ya ndoo ya mchele na viatu vya shule,
nikabana pumzi, kitanda kisije kikanisemea.

Leo tumekuwa wakubwa, ati.
Mwanamkuu ana duka la vitambaa Chumbageni,
mteja akiuliza bei mara mbili anaona moto.
Mhina alipomzika mwanawe wa kwanza
aliwatania wachimba kaburi,
watu wakanong'ona, "Huyu hana uchungu."
Uchungu anao. Hana mlango wa kuutolea
ila ule aliouchonga akiwa na miaka tisa.

Na mimi nikaolewa na Singano,
msoma mita za maji,
mtu asiyejua hata kumuua mbu kwa hasira.
Mwezi wa kwanza nikavunja birika la mamake,
lililovuka na bibi yake kutoka Pemba.
Nilizoa vigae kwa mikono mitupu,
nikaomba radhi kabla hajavua viatu,
nikaomba tena, nikaomba ya tatu,
naye akauliza, "Umekatika wapi? Lete kidole."

Nikamchukia.
Wallahi nilimchukia siku mbili nzima,
kwa kuwa kwetu upole ulikuwa upepo unaotulia
kabla paa halijang'oka.
Nikaisubiri dhoruba. Nikaichokoza hata:
nikazidisha chumvi mchuzini,
nikamjibu mkato, ije, ipite, tulale.
Alikunywa maji mengi, basi.

Sijui nani alimwambia. Labda bega langu,
linalopanda kila saa kumi na moja na nusu.
Siku moja alirudi na kipande cha tairi kuukuu,
akakifunga kwa waya kwenye mguu wa stendi.
Kesho yake nikageuka, yuko nyuma yangu jikoni,
sijasikia kitu,
mwiko ukaniruka mkononi.
Nilisahau kwamba kimya nacho hupiga.
"Kitoe," nikamwambia. "Kitoe hicho kitairi.
Acha chuma kilie. Nijue ni nani."
Hakuuliza. Alichuchumaa barazani na koleo
mpaka waya ukakatika.

Baba yu hai, macho yamefifia.
Ijumaa nampelekea uji wa mtama.
Hushika kiganja changu akitafuta kikombe,
huuliza mbona natetemeka.
Namwambia ni baridi.
Tanga hii, mwezi wa pili.

Sasa kila jioni inagonga: kang'.
Shani, miaka minne, huacha tonge sahanini
akatoka mbio, pekupeku, "Kaja! Kaja!"
Mlio ni ule ule, na saruji ni saruji.
Miguu yake inaujua mlango.
Yangu hupiga hatua kuelekea kitandani,
siku hizi nusu hatua,
halafu husimama hapo, kwenye mkeka,
ikimsikiliza mtoto anavyocheka nje.