Ufunguo wa Tatu

Simu hulia saa kumi na moja alfajiri,
kabla ya duka la mikate kuwasha taa.
"Firmin, kuna mlango."
Hawasemi zaidi, nami siulizi.
Nabeba randa, tindo, bawaba sita,
na kitabu cha risiti ambazo serikali huzilipa
baada ya miezi minne, ikikumbuka.

Roubaix, Novemba. Mvua nyembamba
kama uzi uliosahauliwa na viwanda vilivyokufa.
Tangu hali ya hatari itangazwe
nimesimamisha milango thelathini na mmoja.
Siihesabu kwa hasira. Naihesabu kwa sababu ya mbao.

Mlango uliopigwa gogo la chuma
haupasuki pale unapodhani.
Kitasa hubaki kizima, kimeng'ang'ana, kinatimiza wajibu wake.
Unaong'oka ni mwimo, na kipande cha ukuta.

Leo ni ghorofa ya tatu, kwa Bi Ouardia,
miaka sabini na mmoja, arobaini kati yake kwenye mashine za kusokota.
Walimtaka mtu mwenye jina kama la mwanawe:
herufi moja tu tofauti.
Unga umemwagwa, godoro limechanwa,
na juu ya meza, chini ya kikombe ili isipeperuke,
karatasi yenye muhuri: Hakuna kilichopatikana.

"Hawakupiga hodi?"
"Walipiga," akasema. "Kwa gogo."
Kisha, kama anayetafuta haki ya kila mtu,
akaongeza kwamba mmoja wao, kijana,
kabla ya kutoka aliinyoosha picha ya marehemu mumewe ukutani.

Nilipokwisha kupiga msasa akanishika mkono.
"Nichongee funguo tatu.
Mmoja wangu, mmoja wa mwanangu,
wa tatu upeleke kituoni kwao.
Wakija tena wafungue tu. Sitaki kukusumbua."

Sikujua niangalie wapi.
Niliangalia bawaba.

Nami nina binti. Anaitwa Maëlle.
Mwezi wa kumi alikuwa anasubiri treni
karibu na begi lisilo na mwenyewe.
Sikio la kushoto halikurudi.
Jikoni hukaa mgongo ukutani, uso mlangoni,
na nikimsimulia kazi zangu hunikatiza:
"Wavunje, baba. Wavunje yote.
Wangevunja mmoja zaidi wiki ile, ningekusikia sasa hivi
bila kugeuza kichwa."

Nimjibu nini? Kwamba mwenye kuumwa na nyoka
hatakiwi kuogopa ung'ongo?
Nikanushe kwamba usiku ving'ora vikipita
na mimi hulala vizuri zaidi?
Hulala. Naam, hulala fofofo.
Halafu simu hulia, na ninajua
vilikuwa vinakwenda wapi.

Mara mbili nimefika hadi kituoni.
Mara ya pili askari wa getini aliniambia nifungue koti,
nitoe vya mfukoni. Nikatoa.
"Funguo za nini hizi?"
"Za kazi," nikasema.
Akazirudisha zote, hata ule.

Unao uzito wa gramu kumi na mbili; nimeupima.
Umeshatoboa bitana ya koti
na sasa unacheza huko ndani, kati ya kitambaa na kitambaa,
siufikii bila mkasi.
Maëlle anasema ninalia kama paka mwenye kengele.
Anausikia kwa sikio lililobaki.
"Wa mlango gani huo, baba?"
Nikamwambia. Safari hii hakunikatiza.
Alinyamaza muda mrefu, kisha akainuka
akaenda kuhakikisha kwamba mlango wetu umefungwa.

Saa kumi na moja alfajiri.
"Firmin, kuna mlango."
"Wa nani?" nauliza.
Kimya. Upande wa pili
nasikia mtu anatafuta karatasi.