Mwoka Mikate Ana Maswali

Vytenis huja saa moja asubuhi, akitoka zamu ya usiku,
unga kwenye nyusi, theluji ya Kaunas mabegani,
huwezi kujua kipi ni kipi.
Hajaketi, ameshauliza:
Miaka hamsini na nane, si nimechelewa?
Ngazi umezipanda, nikamjibu. Ghorofa nne, bila lifti.

Na kucha? Kata.
Lazima piano yenyewe? Binti yangu ana kinanda cha umeme,
kimepungukiwa vitufe.
Anza nacho.
Na hizi nota, lazima nizisome?
Zimekaa kama kisibiti kilichomwagika mezani.
Polepole, nikasema. Okota moja moja.

Mbona huu wa kushoto hausikii?
Nikautazama: mpana, una kovu la tanuri,
unaufuata wa kulia kwa mbali
kama mtoto asiyetaka shule.

Kwa siku dakika ngapi? Lini nitapiga kitu
ambacho mke wangu atakitambua akiwa jikoni?

Hapo sikuwa na jibu.
Mimi nilianza kabla sijang'oka meno ya utoto;
sikumbuki kutojua.
Nikamgeuzia: Wewe mkate unajuaje umeiva?

Akacheka. Unaupindua, unaugonga tumboni.
Ukilia kama ngoma, tayari. Ukinyamaza, urudishe.

Kisha akaugonga ubavu wa piano kwa kifundo cha kidole,
akainamisha kichwa, akasikiliza
kwa muda ambao mimi sijawahi kusikiliza.

Bado, akasema,
akavuta kiti.