Gia ya Kwanza, Nyakach

Shangazi Apondi hafungui mlango wa pikapu,
huupiga teke. Umezoea, anasema,
kama mume wa tatu.
Kioo cha upande wangu ni kadibodi na waya.
Kwenye dashibodi: karanga, spana,
na daftari la hesabu ya mchanga anaouza.

Lami tuliiacha nyuma ya soko la Katuk Odeyo,
tukapita zizi, tukapita kisima kilichokauka,
kisha ardhi ikakatika
kama sentensi ya mtu aliyekumbuka jambo.

"Shika kitu," akasema. Nikashika magoti yangu.
Gia ya kwanza. Pua ya gari ikainama
na korongo lote likaja kwenye kioo:
kuta, minara, mapango, migongo mikali kama shoka,
udongo rangi ya chai iliyozidi maziwa,
hapa na pale mshipa mwekundu,
na juu kabisa mbuzi mmoja
amesimama mahali ambapo hata kivuli chake
kiliogopa kumfuata.

Sitadanganya, palikuwa pazuri.
Palikuwa pazuri hadi nikaona haya.
Jua la saa kumi lilijipenyeza kwenye nyufa,
vumbi letu likapanda polepole nyuma yetu,
likawa dhahabu,
likawa vumbi tena.

Shangazi, mkono mmoja kwenye usukani,
wa pili ukimenya karanga,
alinionyesha mitaa kwa kidevu, na kidevu kilielekea juu:
"Pale kwa Obunga. Walikuwa na redio.
Pale uwanja wa shule. Goli moja lilienda na mvua,
la pili tukalipasua kuni.
Pale njia ya zahanati. Baiskeli nilijifunzia pale."
Pale palikuwa hewa.
Mwewe alikata katikati ya uwanja wa shule
bila kupiga bawa.

Tukapinda. Ukutani, kimo cha watu watatu,
ua wa minyaa ulining'inia kichwa chini,
mizizi nje, ukiendelea kulinda
boma lisilokuwepo.
Chini yake mdomo wa chungu ulichungulia udongoni
kama mtoto aliyekatazwa kutoka.
"Jikoni kwa nyanya yako," akasema,
wala hakupunguza mwendo.

Nilifungua kinywa niulize.
Gari likazama.

Mchanga uliumeza mguu wa nyuma bila kelele, kwa adabu,
vile ulivyomeza mengine yote.
Tulichimba kwa kifuniko cha sufuria.
Akaninyang'anya: "Unachimba kama unayeandika barua."
Akapanda ukingoni na panga, akarudi na majani ya mkonge,
akayatandika mbele ya tairi moja moja
kama anayemtandikia mgonjwa.
"Nilipanda mia mbili. Imeshika arobaini."
Na mchanga unaouza, nikauliza, unatoka wapi?
Alinitazama muda mrefu.
"Hapa hapa. Pesa yake ndiyo inayonunua mkonge.
Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilisukuma. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.
Majani yalilia chini ya mpira, injini ikakohoa,
matope makavu yakanipiga kifuani,
na pikapu likatoka likiyumba, likipiga honi lenyewe
maana waya umelegea, limetoka zamani hivyo.
Shangazi akacheka hadi akaegemea ukuta,
na ukuta ukamwaga kilo moja hivi begani mwake.
Akanyamaza. Akajipangusa. Tukapanda.

Usiku, kwake, niliosha masikio na shingo.
Maji ya beseni yakageuka rangi ile ile ya chai.
Nikasimama mlangoni nikiwa nimelibeba,
nisijue ni uga wa nani niliokuwa nao mikononi,
wa Obunga, wa shule, au jivu la meko
yaliyompikia baba yangu uji.

"Usimwage njiani!" sauti ikatoka jikoni.
"Nyuma ya choo kuna miche."

Nikaenda gizani nikiihesabu kwa vidole vya miguu.
Kumi na mmoja. Kila mmoja nikaupa kidogo.