Daftari la Maji

Semina ilikuwa ya siku mbili, ukumbi wa shule, Mwanzange,
soda ya chungwa na sambusa moja kwa kila kichwa.
Mwezeshaji, binti Shekiondo wa kutoka Lushoto,
aliandika ubaoni kwa chaki ya bluu:
hatari, udhaifu, uwezo.
Zidisheni hapa, akasema, gawanyeni pale,
mtaona ukubwa wa janga lenu kabla halijabisha hodi.

Mimi ni mwenye duka.
Kuzidisha na kugawanya nalala nako.
Nikarudi, nikafungua daftari la madeni,
ukurasa wa nyuma usiowahi kuandikwa mtu.

Nikaanza na mvua.
Masika hayachagui barabara.
Yalinyesha juu ya vigae vya hakimu,
yakanyesha juu ya makuti ya Mwanakheri,
kipimo kile kile, saa ile ile.
Kwa hakimu yakaosha gari.
Kwa Mwanakheri yakaondoka na mlango.
Ndipo nikaelewa kwa nini yule binti
alikataa katakata kuiita mvua janga.

Udhaifu, nikaandika:
godoro la chini.
Cheti cha kuzaliwa ndani ya bahasha ya karatasi.
Mimba ya miezi minane.
Chumba cha elfu kumi na tano, rahisi kwa kuwa kiko bondeni;
salio lake huja kudaiwa na masika.

Uwezo:
kamba ya katani, mita arobaini, ya Mbwana Kihiyo.
Ufunguo wa darasa la ghorofani, anao mke wa mlinzi.
Vijana wawili waogeleaji, mmoja mwongo.

Tukakubaliana filimbi tatu
maji yakifika jiwe jeupe la darajani.
Tukapiga makofi, tukataka kufunga kikao.
Hemedi Sempule, fundi cherehani,
kiziwi tangu surua ya utotoni,
alikuwa anatutazama midomo.
Filimbi yetu kwake ni shavu lililovimba tu.
Akasimama, akatoa tochi mfukoni,
akatumulika usoni mmoja mmoja,
mara tatu, mara tatu,
mpaka tukaona haya.
Usiku ule nikalikata jina lake safu ya udhaifu
nikalihamishia ya pili:
hulala saa nane, hushona akitazama mtaro.

Mtaro.
Mstari huo niliuacha mtupu siku tatu.

Unapita mbele ya duka langu.
Mwaka nilionunua friji niliufunika kwa zege,
nikapata kibaraza cha kuwekea mkaa na viti vya wateja.
Maji niliyaachia bomba la inchi nne,
nikayaambia yapite kwa adabu.
Mafuriko yalipokuja, mtaa mzima ulisema: kazi ya Mungu.
Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.
Nilimsingizia Mungu bomba la inchi nne.

Jina la mdaiwa: nikaandika langu.
Kiasi: mlango mmoja, kuku kumi na mmoja,
madaftari ya watoto wa darasa la nne,
na kikohozi cha yule kichanga, ambacho sijui bei yake.

Jumanne nikaazima nyundo, nikavunja.
Wapita njia walidhani nimefilisika.
Sasa wateja wanaruka mtaro, wengine hawaruki,
wanakwenda kununua kwa Mpemba wa kona.
Mbwana amenilazia ubao. Unacheza.

Vuli imepita. Ilinyesha siku nne mfululizo,
maji yakashuka yakinung'unika chini ya ule ubao
yakaenda zake baharini.
Hakuna aliyekuja kunishukuru,
na angekuja angesema nini?
Asante kwa mlango ambao bado upo?
Jambo lisilotokea halina shahidi.
Nimelitengea mstari humu daftarini, nimeweka tarehe,
basi.

Mwanakheri bado ana deni la kilo mbili za sembe.
Hilo sijalifuta.